Maswali ya wasomaji: mtoto wa kabila na kazi ya siku ya kwanza

Toleo hili tumechagua barua zinazohusu jambo moja: jinsi makabila ya wenyeji asilia wa Marekani yanavyowalinda watoto wao, na programu zinazoyasaidia katika kazi hiyo. Walioandika ni wasomaji wanaosoma au kufanya kazi huko. Maswali yanatofautiana, lakini tulipoyapanga mezani tuliona karibu yote yanarudi kwenye siku ileile, siku mtoto alipotolewa nyumbani: nani aliulizwa, nani aliandikiwa, na hakimu aliandika nini. Tunaposema malezi ya kambo, tuna maana ya mtoto kukaa kwa familia nyingine kwa amri ya mahakama. Hatumsemi mama wa kambo. Na kuasili ni kumfanya mtoto wa wengine kuwa wako kisheria.

Mimi ni mwanafunzi wa ustawi wa jamii. Nimesoma kwamba mtoto wa kabila ana sheria yake peke yake, na kabila lina mahakama. Kwa nini? Na huo si ubaguzi wa rangi?

Neno kabila lisikupoteze, ndugu mwanafunzi. Huko, kabila linalotambuliwa na serikali ya shirikisho ni serikali: lina baraza, lina daftari la wanachama, na mara nyingi lina polisi na mahakama. Yako zaidi ya 570. Sheria ya ICWA, yaani sheria ya shirikisho ya ustawi wa watoto wa wenyeji asilia, inamhusu mtoto aliye chini ya miaka 18, asiyeoa wala kuolewa, ambaye ni mwanachama wa kabila mojawapo, au anayestahili kuandikishwa huku mzazi wake wa damu akiwa mwanachama. Ngozi yake haiulizwi. Masharti ya uanachama kila kabila hujiwekea lenyewe. Cherokee Nation hutazama kama una mzazi, babu au bibi wa kizazi chochote katika daftari la Dawes, orodha ya wanachama iliyoandikwa na serikali ya shirikisho na lililofungwa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Wanavajo wanataka angalau robo ya damu.

Sheria yenyewe ilitokana na jeraha. Uchunguzi wa mwaka 1969 na 1974 ulionyesha kuwa kati ya asilimia 25 na 35 ya watoto wote wa makabila walikuwa wametenganishwa na familia zao na kupelekwa kwenye nyumba za kambo, nyumba za kuasili au taasisi. Wengi hawakuwa wamepigwa wala kushindishwa njaa. Mama kumwachia bibi mtoto amlee, jambo la kawaida kabisa katika jamii zile, ofisa wa jimbo aliliandika kuwa ni kutelekeza. Rais Jimmy Carter alitia saini ICWA tarehe 8 Novemba 1978.

Kuhusu ubaguzi: tangu kesi ya Morton dhidi ya Mancari ya mwaka 1974, Mahakama Kuu ya Marekani imeutazama uanachama wa kabila kuwa uhusiano wa kisiasa, mfano wa uraia, na si rangi. Tarehe 15 Juni 2023, katika kesi ya Haaland dhidi ya Brackeen, majaji 7 dhidi ya 2 waliiacha ICWA isimame. Hapo uwe mwangalifu unapoandika mtihani: hoja ya ubaguzi hawakuiamua, kwa kuwa waliofungua kesi hawakuwa na haki ya kuileta. Walichokiamua ni kwamba Bunge lina mamlaka ya kutunga sheria hiyo.

Ni ofisa ustawi wa jamii wa kaunti. Mama mmoja aliniambia bibi yake aliandikishwa Cherokee. Nilituma kwa kabila notisi moja ya kesi ya mtoto, sikujibiwa, nikaendelea. Sasa, baada ya miezi 5, wakili wake anataka kesi irudi mwanzo. Nilikosea wapi?

Uliandika kwa Cherokee yupi? Makabila ya Cherokee yanayotambuliwa ni matatu: Cherokee Nation na United Keetoowah Band, yote mawili yenye makao Tahlequah, Oklahoma, na Eastern Band of Cherokee Indians, North Carolina. Daftari la mmoja si daftari la mwingine. Mtu akisema Cherokee bila kujua ni yupi, zinatoka notisi tatu. Akisema Sioux au Chippewa, usishike kalamu kwanza. Rudi umuulize bibi alizaliwa wapi na ndugu zake wanaishi wapi, kwa maana chini ya majina hayo kuna makabila mengi.

Notisi inakwenda kwa barua ya rejista yenye kadi ya kuthibitisha kupokelewa, kwa wakala wa ICWA aliyetajwa na kabila katika orodha inayochapishwa na serikali ya shirikisho. Kuandika tu "Kwa Mwenyekiti wa Kabila" ni kuiombea barua ipotee. Kabla ya kufunga bahasha hakikisha ndani yake mna jina la mtoto, tarehe na mahali alipozaliwa. Majina yote ya wazazi, likiwemo la mama kabla ya kuolewa na yale ya utani yanayotumika kwenye nyaraka. Tarehe zao za kuzaliwa. Namba za uandikishaji zikijulikana. Majina ya mababu na mabibi. Nakala ya ombi lililofunguliwa mahakamani. Tarehe ya kesi na anwani ya mahakama. Na maelezo ya haki za wazazi na za kabila. Nakala moja inakwenda kwa mkurugenzi wa kanda wa BIA, ofisi ya shirikisho ya mambo ya wenyeji asilia.

Penye makosa mengi ni majina ya mababu. Mwandikishaji wa kabila hana njia ya kumtafuta mtoto wa miaka 2 ambaye hajaandikishwa. Anamtafuta bibi wa bibi. Ukiacha nafasi hiyo wazi, jibu la "hatumpati" litarudi, na litakuwa jibu la kweli kwa swali bovu.

Kesi ya kumweka mtoto katika malezi ya kambo au ya kufuta haki za mzazi haisikilizwi mpaka zipite siku 10 tangu mzazi na kabila wapokee notisi, na wakiomba wanapata hadi siku 20 zaidi za kujiandaa. Siku zinahesabiwa tangu kupokelewa, si tangu ulipotuma. Kadi iliyorudi na saini iwekwe kwenye jalada la mahakama, isibaki kwenye droo yako. Simu na barua pepe ni nzuri, tena mpigie ofisa wa kabila siku ileile ya kwanza, lakini hazichukui nafasi ya rejista. Kumtoa mtoto kwa dharura hakuzuiwi na notisi, ila dharura ina mwisho wake: hatari ikiisha mtoto anarudi, na ikizidi siku 30 hakimu lazima atoe sababu zilizotajwa katika kanuni.

Ukimya wa kabila haukupi ruhusa. Palipo na sababu ya kuamini kuwa ni mtoto wa kabila, anatendewa hivyo mpaka ithibitike vingine, na kabila linaweza kuingia kwenye kesi hatua yoyote. Kwa hiyo wakili huyo ana hoja, kwani ICWA yenyewe inaruhusu kuomba hatua zilizokiuka vifungu vya notisi zibatilishwe. Ushauri wetu: usishindane naye. Tuma notisi sahihi wiki hii, omba tarehe mpya, na jalada lionyeshe juhudi za dhati ulizofanya kuiweka familia pamoja. Juhudi za dhati si kumpa mama karatasi yenye namba ya kituo cha matibabu. Ni kupiga simu hiyo mkiwa mmekaa pamoja, kumtafutia usafiri, kumuuliza kesho yake kama alipokelewa, na kuandika tarehe ya kila kimoja. Ukumbuke pia kwamba shahidi mtaalamu anayetakiwa na ICWA hawi wewe: ofisa anayeishika kesi ya mtoto haruhusiwi kusimama kwa nafasi hiyo.

Ndugu yangu ameachana na mkewe ambaye ni Mnavajo. Wanagombania mtoto. Je, ICWA inaingia?

Haiingii. Mtoto akibaki kwa mzazi mmoja au mwingine baada ya talaka, ICWA haihusiki. Lakini mahakama ya kabila inaweza kuwa na mamlaka kwa sheria zake, kutegemea wanakoishi, hivyo amtafute wakili aliyesajiliwa katika mahakama hiyo.

Ni mhasibu katika ofisi ya kabila dogo jimbo la Washington. Baraza linauliza kama tuchukue fedha za malezi ya kambo moja kwa moja kutoka serikali ya shirikisho badala ya kupitia jimbo. Tuanzie wapi, na hatari iko wapi?

Swali zuri, na tutalikalia.

Kwanza hesabu mifuko mliyo nayo. Wa kwanza ni ruzuku za ICWA zinazopitia BIA, za kuendesha ofisi ya watoto na familia. Wa pili ni Sura ya IV-B ya Sheria ya Hifadhi ya Jamii, yenye sehemu mbili, inayolipia kuzuia familia zisivunjike na kuzirudisha pamoja. Inaombwa kwa mpango wa miaka 5 na taarifa kila mwaka. Wa tatu ni Sura ya IV-E, mfuko mkubwa na mgumu kuliko yote, unaolipa posho ya mtoto aliye katika malezi ya kambo, utawala na mafunzo. Wahasibu wengi hawajui kwamba ICWA inaruhusu fedha za ule mfuko wa kwanza zihesabiwe kama mchango wa kabila katika IV-B. Vilevile fedha za mkataba wa kujitawala chini ya sheria namba 93-638 ya mwaka 1975 zinaweza kutumika kama mchango katika programu nyingine. Kabla baraza halijasema "hatuna pesa ya kuchangia", pitia hapo.

Mlango wa kwenda moja kwa moja ulifunguliwa na sheria ya mwaka 2008, na wa kwanza kuidhinishwa ni jirani zenu, Port Gamble S'Klallam, mwaka 2012. Zungumzeni nao kabla ya kumlipa mshauri yeyote. Kuna ruzuku ya maandalizi, hadi dola 300,000, ya mara moja, kwa miezi 24. Hatari ya kwanza iko hapo: kabila lisipowasilisha mpango wake ndani ya miezi hiyo 24 linatakiwa kurudisha fedha, isipokuwa waziri wa afya na huduma za jamii akubali kwamba kilichotokea kilikuwa nje ya uwezo wake. Tena lazima muonyeshe kuwa katika miaka 3 iliyopita hamkuwa na hoja nzito za ukaguzi zisizorekebishwa katika fedha za huduma za jamii. Kama ipo hata moja, ifungeni kwanza, ndipo muombe.

Sasa hesabu. Serikali ya shirikisho inarudisha asilimia 50 ya utawala na asilimia 75 ya mafunzo. Posho za watoto zinafuata kiwango cha kabila, kinachotokana na kipato cha watu wenu, na hakizidi asilimia 83. Tuseme kiwango chenu ni 80: posho ya dola 1,000 inarudisha 800. Sehemu ya mchango wenu katika utawala na mafunzo inaweza kuwa vitu na huduma kutoka kwa wengine, kwa mfano jengo mnalopewa bure.

Ila usimwonyeshe mwenyekiti namba hizo bila uwiano wa watoto wanaostahili. Mtoto anastahili IV-E kama familia aliyotolewa ingestahili AFDC, msaada wa zamani wa fedha kwa familia maskini zenye watoto, kwa viwango vya jimbo vya tarehe 16 Julai 1996. Ndiyo, viwango vya 1996, bila kupandishwa na gharama za maisha. Familia maskini ya leo inaonekana "tajiri" kwa kipimo hicho. Mkiwa na watoto 20 na wanaostahili ni 8, uwiano ni asilimia 40. Utawala wa malezi ya kambo ukigharimu dola 100,000, unachukua 40,000, kisha nusu yake: zinarudi 20,000. Asiyeuweka uwiano huo atahesabu 50,000.

Hatari ya pili haiko kwenye ofisi yako, iko kwa hakimu. Amri ya kwanza kabisa inayoidhinisha mtoto kutolewa nyumbani, hata kama ni ya muda, lazima iseme kwamba kubaki nyumbani ni kinyume cha ustawi wa mtoto huyo. Ikikosa maneno hayo, mtoto hastahili kwa muda wote wa kukaa huko, hata miaka 3. Ndani ya siku 60 hakimu aamue pia kama juhudi za kuzuia kumtoa zilifanyika, na kila miezi 12 kuwe na uamuzi kuhusu mpango wa kudumu wa mtoto.

Amri mbovu inasomeka hivi: "Mtoto awekwe chini ya idara ya kabila kwa mujibu wa kanuni." Haina mtoto, haina sababu. Amri inayopita ukaguzi inasomeka hivi: "Mahakama imesoma kiapo cha ofisa. Mtoto wa miaka 3 alikutwa peke yake usiku, mama akiwa amezimia kwa dawa. Kubaki katika nyumba hiyo ni kinyume cha ustawi wake. Idara ilimtafuta shangazi na kumpeleka mama kituo cha matibabu. Havikutosha kumlinda usiku huo." Sentensi tano, zinazomtaja mtoto mmoja. Mpeni hakimu fomu yenye nafasi ya kujaza sababu, si ya kuweka alama ya vema tu. Kwa miezi 12 ya kwanza baada ya mpango kuanza kutumika, kabila linaruhusiwa kuthibitisha maamuzi hayo kwa viapo au kwa amri za kurekebisha za nyuma. Mwezi wa 13 mlango huo unafungwa, kwa hiyo mfundisheni hakimu na karani kabla ya siku ya kwanza. Ofisi ya Watoto ya serikali ya shirikisho imekuwa ikitoa ruzuku maalumu za kuboresha mahakama za makabila kwa kazi hii.

Mkiona mzigo unazidi mabega, makubaliano na jimbo si fedheha. Makabila mengi yanapata IV-E kwa njia hiyo. Someni vifungu vitatu kwa makini: nani ana wajibu wa kumweka na kumtunza mtoto (liwe kabila), nani analipa mchango usio wa shirikisho, na marejesho ya mafunzo ya asilimia 75 yanawafikiaje. Minnesota imekwenda mbali zaidi: makabila ya Leech Lake na White Earth yanaendesha huduma za watoto wao badala ya kaunti. Huko Alaska, jimbo na makabila yalitia saini mkataba wa pamoja mwaka 2017.

Wa kuwashika mkono wapo: NICWA, shirika la kitaifa la ustawi wa watoto wa wenyeji asilia, la Portland, Oregon, lililoanzishwa na Terry Cross wa taifa la Seneca, Casey Family Programs ya Seattle, na kwa upande wa sheria, Native American Rights Fund ya Boulder, Colorado, inayotoa mwongozo wa ICWA wa maswali na majibu.

Ninaratibu mafunzo ya wazazi katika kituo cha kabila. Kuna mitaala inayotokana na makabila yenyewe, na je, serikali itailipia?

Ipo miwili tunayoitaja bila kusita. Positive Indian Parenting ya NICWA ina vipindi 8, kimoja kwa wiki: malezi ya jadi, masomo ya msimuliaji, ubao wa kubebea mtoto, upatano katika kulea, kurekebisha tabia kwa njia ya jadi, masomo ya asili, kusifu, na uchaguzi wa mzazi. Kipindi cha ubao ndicho kinachofungua midomo. Mtoto mchanga aliyefungwa vizuri kwenye ubao, ukiwa umesimamishwa karibu na watu wazima wakifanya kazi, anatazama na kujifunza akiwa salama. Kutoka hapo mnaongea juu ya usalama, kumtazama mtoto usoni, na mpaka usioumiza. Kinachoharibu ni kuusoma mtaala kama ulivyo. Uliandikwa kwa makabila yote, hivyo unaacha nafasi ya hadithi zenu, ubao wenu na majina yenu ya ndugu. Mkae na wazee wiki kadhaa kabla ya kikundi cha kwanza.

Family Spirit ni wa kutembelea mama nyumbani tangu mimba hadi mtoto atimize miaka 3, wenye masomo 63. Ulijengwa na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins pamoja na Wanavajo, White Mountain Apache na San Carlos Apache, na anayefundisha ni mtu wa jamii ileile. Kabila linaweza kuomba ruzuku ya kutembelea familia nyumbani, ambayo tangu mwaka 2023 imetengewa makabila asilimia 6 ya mfuko mzima badala ya 3.

Kuhusu IV-E: sheria ya Family First ya mwaka 2018 inalipia huduma za kinga hadi miezi 12 kwa mtoto aliye karibu kutolewa nyumbani, bila kupima kipato. Majimbo lazima yachague huduma zilizopimwa na kukubaliwa katika orodha ya shirikisho. Kabila linaloendesha IV-E moja kwa moja halibanwi hivyo. Linaweza kulipia huduma zinazofuata utamaduni na mazingira yake. Mkiwa chini ya makubaliano na jimbo, mnafuata mpango wa jimbo, kwa hiyo ulizeni mapema kama mtaala wenu umo.

Mimi na mume wangu si wenyeji asilia. Tuna leseni ya malezi ya kambo na juzi tumeletewa mtoto wa kabila mwenye miaka 4. Tumempenda. Tunaweza kumwasili?

Mama, tunakujibu kwa upole lakini bila kuficha. Wa kwanza kupewa mtoto huyo amlee ni ndugu wa ukoo, kisha nyumba iliyopewa leseni au kuidhinishwa na kabila, kisha familia nyingine ya wenyeji asilia. Katika kuasili ni ndugu, wanachama wengine wa kabila lake, kisha familia nyingine za wenyeji asilia. Mahakama inaweza kuacha mpangilio huo kwa sababu nzuri, lakini nyumba yenu kuwa kubwa au kipato chenu kuwa kizuri si sababu inayokubalika. Wala kuzoeana naye peke yake hakutoshi iwapo aliwekwa kwenu kinyume cha sheria.

Kwa hiyo mpigie ofisa leo na uulize: kabila lake lipi, limeandikiwa lini, na ofisa wake wa kabila ni nani. Uliza kama shangazi na mabibi wametafutwa. Nyumba ya bibi ikipewa leseni na kabila, leseni hiyo ina nguvu sawa na ya jimbo, na tangu Novemba 2023 kanuni za shirikisho zinaruhusu masharti mepesi kwa nyumba za ndugu. Watu wazima wote wanaoishi humo bado wanachunguzwa rekodi za jinai.

Ikitokea kabila lenyewe linataka abaki kwenu, uliza kuhusu kuasili kwa mila za kabila. California iliiingiza katika sheria zake tangu Julai 2010: mtoto anapata wazazi wa kudumu bila haki za mzazi aliyemzaa kufutwa, na ukoo wake unabaki. Kwa mtoto wa miaka 4 anayemuota mama yake usiku, tofauti hiyo ni kubwa.

Wakati huohuo, ruhusu simu kwa bibi yake hata mara mbili kwa wiki, andika jina la kila ndugu anayemtaja, na hifadhi nguo na vitu alivyokuja navyo. Na nywele zake, kama ni ndefu, msizikate. Katika makabila mengi nywele zina maana yake, na zinakatwa kwa msiba au kwa idhini ya wazee. Zichaneni taratibu, muulize ofisa wa kabila zinasukwaje, na kama bibi anaweza kuja kuzisuka, mfungulieni mlango.